Makaa ya Drai-klina

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye duka la drai-klina, la kufulia nguo kwa dawa bila maji, alinipandisha ngazi hadi juu ya paa, akaniambia nisogeze pua kwenye mdomo wa bomba lililotokeza pale, ninuse. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa sketi ya kuazima, na nilidhani mzee yule wa Kihindi ananifanyia mzaha. Nikanusa. Hewa ilikuwa ya vuguvugu, haina harufu yoyote. Tukashuka. Akafungua mlango wa mashine kidogo tu, na harufu tamu na kali ikanipiga mpaka macho yakalowa.

"Hewa ni ileile," akaniambia. "Imetoka humu, imeishia kule juu. Katikati imepita wapi?"

Imepita kwenye makaa. Nyuma ya mashine lilisimama pipa la chuma refu kuliko mimi, na ndani yake mlikuwa na makaa meusi yenye punje ndogo kama kunde. Feni ilivuta hewa yote mbaya kutoka kwenye mashine na kutoka kwenye tundu la sakafuni, ikaisukuma ndani ya pipa, na makaa yakaizuia ile harufu. Mzee alinieleza kwamba makaa yale yalitengenezwa ng'ambo kwa vifuu vya nazi, yakachomwa mara ya pili kwa mvuke mkali hadi kila punje ikawa na vijitundu visivyohesabika. Dawa ya kufulia, ikiwa hewani, hunasa kwenye kuta za vijitundu hivyo. Hailiwi wala haiishi. Imeshikwa tu. Na vijitundu vikijaa, hewa inayofuata hupita vilevile ilivyokuja, na mfanyakazi ndiye anayeivuta.

Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga, tulifungulia mvuke wa boila, tangi la kuchemshia maji, ukapita ndani ya pipa. Mvuke uliibandua dawa iliyonasa, ukaenda nayo kupoa kwenye koili, bomba la baridi lililoviringishwa, na dawa ikadondoka tone kwa tone kwenye chupa kubwa, tayari kutumika tena. Makaa yalikuwa matupu, na kesho yake tukaanza upya. Nilipenda kuliko kazi zote kuyatazama yale matone. Nilitoka nyumba ya udongo huko Kisugu, kwa wakimbizi wa Kongo, na hapo nilikuwa nauona upepo ukirudishwa kuwa maji.

Duka lilikuwa kwenye mteremko chini ya Nakasero. Mzee aliniajiri kwa sababu ya Kiswahili changu. Wateja wake wengi walikuwa maafisa wa jeshi na polisi, na yeye alichoka kuelewana nao kwa vidole. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu: mimi, na mpiga pasi, Muganda wa Lubaga aliyekuwa na umri wa baba yangu. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, lakini ndani ya duka hakuthubutu. Boila yenyewe ilijengewa kibanda uani, mbali, nyuma ya ukuta. Nilipouliza kwa nini, wakati dawa ile haishiki moto hata ukiiwashia kiberiti, mzee alinijibu kwa uso ambao sikuwahi kumwona nao.

"Haiwaki," alisema, "lakini ikipita kwenye moto inageuka. Inakuwa kitu kingine. Mtu akikivuta, leo atakohoa, kesho atasema amepona, kesho kutwa mtamzika."

Nilikumbuka maneno hayo neno kwa neno. Nayaandika hapa ili isije ikadhaniwa kwamba sikujua.

Kisha likaja tangazo la redioni la siku tisini. Serikali imeamuru Wahindi wote waondoke nchini ndani ya siku hizo. Mwanzoni tulicheka, mimi na mpiga pasi, kwa sababu mtu hawezi kuliamini jambo kama hilo akiwa amesimama katika mtaa ambao kila duka ni la Mhindi. Mzee hakucheka. Siku zake za mwisho alizitumia kunifundisha mimi: valvu ipi ifunguliwe kwanza, kipimo kisomwe namna gani, mvuke upite muda gani. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na mashine isiyo yake tena. Alisema wewe na huyu mpiga pasi mtabaki mnavuta hewa ya humu. Asubuhi aliyoondoka alikuja na sanduku moja, akatukabidhi funguo, akaenda zake kwa miguu. Nilisimama mlangoni nimeshika funguo, na sikuweza kuingia wala kutoka. Mtaa mzima milango ilikuwa imefungwa, na mbwa walikuwa wamelala katikati ya barabara ya lami mchana.

Wiki chache baadaye duka likapewa kapteni mmoja wa jeshi. Yeye mwenyewe alifika mara moja tu, akaangalia, akaondoka. Aliyekuja kukaa dukani ni mkewe, mwanamke kijana kutoka upande wa Arua, mpole, aliyekuja kila siku na mtoto mgongoni. Sitaki kumsema vibaya. Alitusalimia kabla hatujamsalimia. Alishona vifungo vya wateja mwenyewe, na alimwita mpiga pasi "baba", nasi tukamwita "mama". Lakini hakuna aliyewahi kumwambia lile pipa ni la nini, na mimi nilipomwambia, alinisikiliza kama anayesikiliza habari za dini ya watu wengine.

Dizeli ya boila ilipoanza kupotea mjini, yeye aliona jambo lililo wazi. Mvuke wa kupigia pasi unahitajika, kwa sababu wateja wanauona. Mvuke wa kusafishia makaa hauonekani na mtu. Akasema tuuache. Nilimweleza kuhusu vijitundu. Akasema atamwuliza afande, yaani mumewe. Sijui kama aliuliza.

Siku za kwanza hakukuwa na tofauti. Kisha harufu ikaanza kukaa dukani hata asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa. Nilipanda juu ya paa, nikanusa bomba, na harufu ilikuwa ileile ya ndani ya mashine. Makaa yalikuwa yamejaa. Mpiga pasi akaanza kuumwa kichwa kila baada ya saa sita mchana. Siku moja alikaa chini kwenye sakafu kama mlevi, akacheka bila sababu, na pasi ikaunguza bega la koti la mtu. Mtoto wa mama alilala mgongoni kutwa nzima bila kulia. Hilo lilimtisha mama. Wateja nao walilalamika kwamba nguo zinanuka. Akamweleza mumewe.

Kapteni alikuja Jumamosi, mchana, pamoja na dereva wake. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alizunguka mashine akinusa, akafika nyuma, akafungua kifuniko cha pipa, akarudisha kichwa haraka.

"Hiki ndicho kinanuka," alisema.

Alikuwa sahihi. Akauliza ndani kuna nini, mkewe akamjibu ni makaa. Nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu siku zile makaa yalikuwa adimu. Watu wa mjini walikuwa wanakata miti ya uani. Mama mzazi wa kapteni alikuwa amekuja kutoka kijijini, hataki jiko la umeme, anataka sigiri, jiko la makaa, na kila siku anamlalamikia. Na kumbe Mhindi alikuwa ameacha pipa zima. Akaagiza makaa yatolewe, yatiwe kwenye magunia, yapelekwe nyumbani. Punje ni ndogo, alisema, lakini wanawake watayachanganya na udongo na uji wa muhogo, wayafinyange mabonge kama wanavyofanya kwa vumbi la makaa.

Mpiga pasi alishika koleo akaanza kazi. Mimi nilisogea mbele.

"Afande, makaa hayo yasipikiwe, yana..."

Sikumaliza. Alinipiga kofi moja, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi, nami nikaangukia rafu ya nguo. Hakuna aliyekuwa amewahi kunipiga tangu nilipokuwa mtoto. Nilibaki pale kati ya suti za watu, sikio linalia. Nililoshangaa zaidi ya maumivu ni kwamba kila mtu aliendelea na kazi yake. Dereva alishikilia gunia wazi. Mpiga pasi alichota. Kapteni alimwambia mkewe kwamba hawa Wakongo wanataka kuficha makaa wauze magendo.

Magunia mawili yakapakiwa. Kapteni alitangulia kuketi kiti cha mbele cha gari. Mama akaingia nyuma na mtoto, na kabla gari halijaondoka, akateremsha kioo akaniita kwa mkono. Akaniuliza polepole, mumewe asisikie: "Ulitaka kusema nini pale?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu, mama."

Nimejaribu miaka mingi kujieleza jibu lile. Niliogopa, ndiyo. Kapteni alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya woga. Shavu langu lilikuwa linawaka, na nilitaka waondoke na hayo makaa yao. Nilitaka wajifunze. Sikufikiria kifo, hilo naweza kuapa. Nilifikiria macho yatakayowasha, kikohozi, chakula kitakachotupwa. Gari likaenda.

Usiku ule sikumwambia mama yangu chochote. Asubuhi tulikwenda kanisani, na wakati wa mahubiri yale maneno ya mzee yakanijia yote kwa mpigo: leo atakohoa, kesho atasema amepona. Nilitoka kanisani kabla ya baraka. Nilikwenda kwa miguu, mvua ikininyeshea, kutoka Kisugu hadi Kololo, kwenye nyumba aliyopewa kapteni. Nilikuwa nimewahi kupeleka nguo huko, kwa hiyo askari wa getini alinifahamu akanipisha.

Nilikuta wameshakula. Mvua ilikuwa imekatika, nao walikuwa wamekaa kwenye mkeka upande wa nyuma, mama na mtoto, na mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye kicheko, ambaye nyumba nzima ilimwita haboba, yaani bibi kwa lugha yao. Kapteni hakuwapo. Mama aliponiona alisimama akaniambia kwamba makaa yale yana moshi mbaya sana. Walifinyanga mabonge jana ileile, wakayaanika juani, na leo haboba alipoyawasha jikoni, moshi ulikuwa mchungu mpaka yeye mama akakimbia nje na mtoto. Haboba ndiye hakukimbia. Alikataa kuacha sufuria ya maharage iungue. Alifunga kitambaa puani akamaliza kupika, akiwa amefunga mlango kwa sababu kulikuwa na mvua.

 Nikawaambia yote, kwa haraka, Kiswahili kinagongana mdomoni.  Mama alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya migomba, tukayatupa mabonge yote na magunia yote mawili, tukafukia. Haboba alitutazama. Alikohoa kidogo, kikohozi kikavu, akasema koo linawasha kama mtu aliyekula pilipili. Zaidi ya hapo hana neno. Aliniambia niache kulia, nikae, nile maharage. Nilikula. Nilikaa pale hadi jua likaanza kushuka, nikimtazama anavyopumua, naye alikuwa anapumua vizuri. Alinihadithia jinsi alivyomzaa kapteni shambani na kumbeba nyumbani mwenyewe. Mama alisema labda apelekwe hospitali, haboba akamcheka, akauliza daktari gani atamtibu mtu anayecheka. Nikaondoka nimepoa moyo. Njiani nilijisemea kwamba mzee wetu alikuwa ametia chumvi.

Jumatatu nilifungua duka. Mama hakuja. Mpiga pasi alifika, nikamweleza habari za ule moshi, akaweka pasi chini, akachukua kofia yake akatoka. Alikuwa na akili kuliko mimi. Sikumwona tena. Nilisikia alikwenda kwa ndugu zake kijijini, na kwamba alifika salama.

Saa nne gari la kapteni likasimama nje. Aliingia yeye na mkewe. Mkewe alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kichwani kama wafungavyo waliofiwa, na hapo nikajua kabla sijaambiwa.

Haboba alikuwa ameamka alfajiri akiwa hawezi kupumua. Walimwinua wakamkalisha, akawa anatoa povu lenye rangi ya waridi mdomoni, kama mtu aliyezama majini, naye hakuwa amekaribia maji. Alikufa kabla hawajamfikisha kwenye gari.

Nilisikia maneno hayo na sikuyaelewa. Niliendelea kumtazama kapteni mdomoni kana kwamba atayarekebisha. Jana yake yule mwanamke alikuwa anacheka. Alinipakulia maharage kwa mkono wake.

Kapteni akafunga mlango wa duka kwa ndani. Nilianza kusali kimoyomoyo, kwa sababu kila mtu mjini alijua mlango uliofungwa hivyo na askari unamaanisha nini. Lakini alikwenda kukaa kwenye kiti cha wateja. Akavua kofia. Akaniambia nimweleze jinsi harufu inavyoweza kujificha ndani ya makaa.

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi: vijitundu, kuta, jinsi dawa inavyonasa bila kupotea, jinsi mvuke unavyoitoa taratibu na kuirudisha, na jinsi moto unavyoitoa kwa ghafla na kuigeuza. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza maswali mawili ya mtu mwenye akili, nikayajibu. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote aliyenisikiliza vile.

Kisha akaniuliza, "Ulijua tangu Jumamosi?"

"Nilijua, afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema, afande. Ukanipiga."

Sijui nilipata wapi ujasiri.  Kapteni akageuka akamtazama mkewe, kama anayetaka kuthibitishiwa. Na mkewe alikuwa anajua. Alikuwa ameniuliza kwa kinywa chake, dirishani, nami nikamwambia hakuna kitu. Neno lake moja tu lingetosha kuniangamiza. Tulitazamana, mimi na yeye.

"Ni kweli," alimwambia mumewe. "Ulimpiga kabla hajamaliza."

Dirisha la gari hakulitaja.

Kapteni alivaa kofia. Aliniambia niende nyumbani na nisikanyage tena hapo. Nilitoka bila kuchukua hata mfuko wangu. Nilifika Kisugu nikalala chini sakafuni, na mama yangu alinifunika akidhani ni malaria. Wiki nzima kila gari lililopita nililisikia likisimama. Hakuna lililosimama.

Mjini ilisemwa kwamba Mhindi ndiye aliyeacha mtego wa sumu kabla ya kuondoka. Nilisikia habari hiyo sokoni kwa mtu niliyemfahamu, naye aliisimulia kwa uhakika kamili.  Mzee yule alikuwa amebaki hadi siku zake za mwisho akinifundisha namna ya kutoumia. Jina lake lilichafuliwa mbele yangu na mimi nikalipia bei ya dagaa nikaondoka.

Makaa mengine ya aina ile hayakupatikana. Duka lilifungwa, mashine ikang'olewa ikauzwa chuma chakavu, na pale pakawa baa. Mimi nilikwenda kumsaidia mama yangu kuuza samaki wakavu kwenye soko la Kamwokya. Kwa miaka kadhaa sikuweza kukaa kwenye jiko lenye mlango uliofungwa. Tulipikia nje, hata mvua ikinyesha, na majirani walitucheka.

Kapteni alichukuliwa na askari wenzake mwaka uliofuata, kama walivyochukuliwa wengi, na mwili wake haukurudishwa. Nilipata habari hizo kwa mkewe mwenyewe. Alinijia sokoni asubuhi moja, mtoto sasa anatembea, ameshikwa mkono. Alikuwa amekonda. Aliniambia wanaondoka kesho kurudi kwao Arua, na kwamba nyumba ya Kololo imeshapewa mtu mwingine. Nilimfungia samaki, nikakataa hela yake. Nilitaka kumwambia kuhusu dirisha la gari. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa mwaka mzima.

Yeye akanitangulia. Alisema siku ile ya Jumapili, baada ya mimi kuondoka, haboba alimwambia kwamba yule msichana wa Kikongo ana moyo mzuri, ametembea mbali vile kwenye mvua kwa ajili yetu, mwambie aje tena Jumapili ijayo, nitampikia kuku.

"Sikuwa nimepata nafasi ya kukufikishia salamu zake," alisema.

Akamwinua mtoto, akachukua samaki wake, akaenda kuelekea kituo cha mabasi. Mteja aliyefuata alikuwa ananiuliza bei. Aliniuliza mara mbili, kisha mama yangu akamjibu kwa niaba yangu.